Kabla ya kulipia printi ya sanaa, uliza wino na karatasi

Muuzaji akikuambia printi yake ni ya kiwango cha makavazi, yaani ya kudumu miaka mingi, muulize mambo mawili: imechapwa kwa wino gani, na kwenye karatasi gani. Anayeijua kazi yake atakutajia majina papo hapo, mathalani wino wa Epson UltraChrome kwenye karatasi ya Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308 kwa mita ya mraba, wala hatasita kuyaandika kwenye ankara. Akijibu kwamba ni mali safi kutoka ng'ambo, au kwamba ni giclée, hajakujibu. Neno giclée lilibuniwa mwaka 1991 na mchapaji wa Marekani, Jack Duganne, ili picha zilizochapwa kwa mashine ya kurusha wino zipate jina la heshima. Mashine za Iris za siku hizo zilitumia wino uliokuwa ukififia upesi, kwa hiyo tangu mwanzo jina hilo halikubeba ahadi yoyote ya kudumu.

Wino unaotakiwa ni wa pigmenti. Huu ni wino wa chembe ngumu za rangi zinazokaa juu ya karatasi, mfano wa chokaa kwenye ukuta. Ule mwingine, wa rangi iliyoyeyuka, hunyonywa na karatasi kama kitambaa kinavyonyonya chai. Mwanga ukila chembe ya pigmenti, huanza na tabaka la nje, na rangi ya ndani hubaki. Rangi iliyoyeyuka haina tabaka la kuilinda, ndiyo maana picha za studio zilizochapwa kwa printa ndogo za mezani hugeuka rangi baada ya miaka michache sebuleni. Mashine za sanaa za Epson SureColor za mfululizo wa P na za Canon imagePROGRAF PRO hutumia pigmenti. Mashine za mabango ni jambo lingine: wino wake umeundwa kwa matangazo ya nje, na turubai inayotumika mara nyingi ni ya poliesta. Inafaa kwa bango la duka. Usiilipie bei ya sanaa.

Ukipata nafasi, omba kipande cha majaribio kilichochapwa kwa wino uleule na karatasi ileile, ukidondoshee tone la maji, usubiri dakika moja kisha ugusishe tishu. Rangi iliyoyeyuka mara nyingi huvuja na kuacha ukungu wa rangi pembeni, pigmenti hutulia. Huu si upimaji wa maabara, kwa kuwa baadhi ya karatasi zenye tabaka la plastiki huzuia hata wino dhaifu usivuje, lakini uongo mwingi huonekana hapo.

Karatasi nayo iwe ya pamba kwa asilimia 100, au ya selulosi (nyuzi za mti) iliyosafishwa vizuri, isiyo na asidi wala lignini. Lignini ni ile gundi ya asili ya mti. Acha nakala ya Taifa Leo dirishani kwa siku chache uone inavyogeuka manjano: ndiyo lignini ikikutana na mwanga. Karatasi bora huongezewa pia kalisi kabonati ili kumeza asidi inayotoka hewani. Kiwango cha kimataifa cha kudumu kwa karatasi ni ISO 9706, na kampuni kongwe kama Hahnemühle ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1584, na Canson ya Ufaransa, ya mwaka 1557, huweka sifa hizo wazi kwenye maelezo ya kila karatasi. Uzito peke yake hauthibitishi kitu. Gramu 300 za selulosi ya hali ya chini bado ni selulosi ya hali ya chini, hata ikijaa mkononi.

Kuna jambo moja kuhusu karatasi ambalo wanunuzi wengi hawalijui: weupe mkali kupita kiasi mara nyingi hutokana na kemikali za kung'arisha, na kemikali hizo huchoka. Zikichoka, karatasi hurudi kwenye umanjano wake wa asili na maeneo meupe ya picha hubadilika pamoja nayo. Kuzigundua ni rahisi. Chukua ile taa ya kukagulia noti bandia iliyopo kwenye maduka mengi na vibanda vya M-Pesa, uimulike karatasi mahali penye giza. Ikiwaka buluu kali, zimo kwa wingi. Ikibaki hafifu, ama hazimo ama ni chache sana. Karatasi zenye kemikali kidogo bado zinafaa kwa ukuta wa nyumbani, lakini kwa kazi ghali unayotaka kuwarithisha watoto, chagua isiyo nazo kabisa.

Jua pia unanunua kitu cha aina gani. Chapa ya mbao, ambayo msanii ameichonga na kuichapa kwa mkono, ni kazi asilia ingawa zipo nakala kadhaa. Chapa za matatu za Dennis Muraguri na zile za Peterson Kamwathi, wasanii wa Kenya, ziko kundi hilo. Picha ya mchoro wa rangi iliyopigwa kwa kamera na kuchapwa kwa wino ni nakala ya mchoro, hata ikiwa na sahihi. Printi ya mpigapicha ni kitu cha tatu: hapo printi ndiyo kazi yenyewe. Kuna na posta ya kiwandani. Itazame kwa lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya sonara. Posta huonyesha vitone vilivyojipanga katika maua madogo yanayojirudia; printi ya kurusha wino huonyesha vitone laini vilivyotawanyika bila mpango. Posta si dhambi, mradi iuzwe kwa bei ya posta.

Ili jicho lako lizoee tofauti hizi, nenda ukatazame kabla ya kununua. Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, Nairobi Gallery katikati ya jiji, Circle Art Gallery, One Off kule Rosslyn, Banana Hill Art Gallery upande wa Kiambu, na wasanii wa kikundi cha Kuona wana kazi za karatasi mara kwa mara. Simama pembeni ya fremu, utazame jinsi karatasi ilivyoshikiliwa. Utajifunza zaidi pale kuliko kwenye picha ya simu.

Toleo na haki

Nambari kama 7/30 ina maana kwamba hii ni nakala ya 7 kati ya 30. Swali ambalo halipaswi kusahaulika ni hili: je, hizo 30 ni za ukubwa huu tu, au za ukubwa wote? Msanii anaweza kuwa na 30 za A3, 30 nyingine za A2, na nakala za msanii juu yake, kwa kawaida zisizozidi sehemu ya kumi ya toleo. Hakuna ubaya, mradi uambiwe. Cheti kitaje jina la msanii na la kazi, mwaka wa kuchapwa, ukubwa wa picha na wa karatasi, wino, karatasi, nambari na jumla ya toleo. Sahihi ya penseli kwenye ukingo wa karatasi ya pamba haififii na haivuji. Sahihi ya kalamu ya kawaida ya ofisi hufanya yote mawili.

Kununua printi hakukupi hakimiliki. Ofisi ikiitaka picha hiyo kwenye kalenda au kadi za Krismasi, iombe leseni nyingine kwa msanii, kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya sanaa, isipokuwa picha za kamera, hulindwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo usipakue mchoro wa msanii wa Nairobi aliye hai na kuupeleka kwa mchapaji bila idhini yake. Kama unapenda kazi za zamani, tangu mwaka 2017 makumbusho ya Metropolitan ya New York yameruhusu picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zipakuliwe na kutumiwa bila malipo. Mawimbi ya Hokusai, mchoraji wa Japani aliyefariki mwaka 1849, unaweza kuyachapisha hapa hapa Nairobi kwa faili safi na kwa dhamiri safi.

Ukubwa wa faili

Ukichapisha faili yako mwenyewe, fanya hesabu kwanza. Printi ya kutazamwa kwa karibu inataka pikseli 300 kwa kila inchi. A3, yaani sentimita 29.7 kwa 42, inahitaji pikseli 3,508 kwa 4,961. A2 inahitaji 4,961 kwa 7,016. Picha kubwa itakayotazamwa kutoka mita mbili inaweza kushuka hadi 200 bila jicho kulalamika, na hapo A2 itatosheka na takriban 3,307 kwa 4,677. Sasa linganisha na picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambayo hubaki na pikseli kama 1,600 upande mrefu. Ukiivuta hadi A2 unabaki na pikseli 68 tu kwa inchi, na nyuso zinageuka ngazi. Mwombe mpigapicha faili asilia kwa barua pepe au kiungo cha kupakua, na umwambie mchapaji aache ukingo mweupe wa sentimita 3 hadi 5 kila upande. Ukingo huo ndio fundi wa fremu atakaoushika. Bila huo atashika picha yenyewe.

Agiza kipande cha majaribio cha A4 kabla ya printi kubwa, chenye sehemu ya giza kuliko zote na sehemu ya ngozi ya mtu kama ipo. Kipeleke nyumbani, ukiweke kwenye ukuta wenyewe, ukitazame saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku taa zikiwaka. Malalamiko yanayosikika zaidi ni kwamba printi imetoka na giza. Mara nyingi kosa ni la skrini iliyowekwa mwangaza wa juu, na mchapaji hana hatia. Zungumza naye kabla ya kuchapa, si baada.

Malipo, na njia ya kurudi nyumbani

Ankara itenganishe printi, fremu na usafirishaji, na iseme kama VAT ya asilimia 16 imo ndani. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kwamba ushuru wa forodha kwa kawaida hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafirishaji na bima, si juu ya bei peke yake. Ushauri wetu kuhusu bajeti ni huu: tenga nusu yake kwa ajili ya fremu. Printi ya A3 iliyofremiwa vizuri itakaa miaka mingi kuliko ya A1 iliyobanwa kwenye hadibodi, na chumba hakitapungua uzuri.

Uso wa karatasi ya pamba isiyong'aa huchubuka kwa ukucha au kwa mkono wa shati. Osha mikono na uikaushe, shika kingo tu, na beba kwa mikono miwili ili karatasi isijikunje katikati. Ile alama ya mwezi mwandamo inayotokea kidole kikibonyeza haiondoki kamwe. Ndani ya mrija, printi ifunikwe kwa karatasi laini isiyo na asidi, na mrija uwe na upana wa angalau sentimita 8 hadi 10. Mrija mgumu unaweza kwenda na boda boda. Fremu yenye kioo haiwezi. Panda nayo teksi, isimame wima, kioo kikitazama mgongo wa kiti. Ukifika, itoe kwenye mrija siku hiyohiyo, uilaze chini ya karatasi safi na ubao wenye uzito kwa siku mbili tatu. Usiipige pasi.

Kwa fundi wa fremu

Hapa ndipo printi nyingi nzuri hufia. Wino na karatasi vinaweza kuwa bora kuliko vyote, kisha fundi akaipaka gundi mgongoni, akaigandisha kwenye hadibodi ya kahawia na kuifunga kwa masking tepu. Baada ya miaka michache utaona mstari wa rangi ya chai ukizunguka picha: asidi ya kadibodi na ya mbao imeingia kwenye karatasi. Mstari huo hautoki kwa kufutwa.

Mwambie fundi hivi, na ikiwezekana mwandikie. Printi ining'inie kwa hinji mbili ndogo upande wa juu peke yake, za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, au basi mifuko ya pembe ya karatasi isiyo na asidi ambayo huiwezesha printi isiguse gundi kabisa. Sababu ya kutogundisha pande zote nne ni mvua. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, karatasi hunyonya unyevu na kutanuka; jua likirudi hunywea. Ikiwa imeshikwa pande zote haina pa kwenda, inajikunja mawimbi, na mawimbi hayo hubaki. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya ukingo wa karatasi na fremu kila upande.

Maunti, ile kadi nene yenye dirisha inayozunguka picha, iwe ya pamba au isiyo na asidi hadi katikati. Tazama mkato wake wa mshazari: kadi ya bei ya chini ina moyo wa krimu au kijivu utakaogeuka kahawia, na nzuri ina weupe uleule hadi ndani. Kwa A3, maunti ya upana wa sentimita 6 hadi 8 inapendeza, lakini kazi yake kubwa ni kuiweka printi mbali na kioo. Picha ikigusa kioo, unyevu wa usiku wa Julai hukusanyika katikati yao, na wino hugandamana na kioo. Kama hutaki maunti, fundi aweke vijiti vya kutenganisha vilivyofichwa chini ya ukingo wa fremu. Printi mpya nayo ipumzike saa 24 au zaidi kabla ya kufungwa ndani, ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya kawaida, kwa sababu vimiminika vya wino bado vinatoka na huacha ukungu upande wa ndani wa kioo.

Nyuma, kataa MDF na hadibodi isipokuwa kuna kizuizi kisicho na asidi kati yake na printi. Ubao wa povu usio na asidi ni mwepesi na hukatika vizuri. Kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno inayoharibu rangi. Kioo cha makumbusho huzuia takriban asilimia 99. Pima pia uzito: kioo cha milimita 2 kina kilo 5 kwa kila mita ya mraba, hivyo fremu ya sentimita 75 kwa 100 ina karibu kilo 4 za kioo pekee. Juu ya kitanda, au kwenye njia ya watoto, akriliki, yaani plastiki angavu kama kioo, ni salama zaidi. Kabla fundi hajafunga mgongo kwa karatasi ya kaki, nenda ukaone au umwombe picha ya ndani. Fundi mzuri hufurahi kuonyesha.

Ukuta wenyewe

Makadirio ya miaka unayoyasoma kwenye vipeperushi, kama yale ya Wilhelm Imaging Research, kampuni ya Marekani inayopima udumu wa printi, huchukulia mwanga wa lux 450 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa saa 12 kila siku, yaani lux-saa 5,400. Tuseme printi imekadiriwa miaka 100, nawe ukaiweka mahali jua la lux 50,000 linapoipiga saa mbili kila asubuhi. Hizo ni lux-saa 100,000 kwa siku, zaidi ya mara 18, na miaka 100 imekuwa kama mitano na nusu. Bado hujaweka joto. Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi huchuja urujuanimno kidogo kuliko Mombasa.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la adhuhuri liko karibu utosini na haliingii ndani sana. Hatari ni madirisha ya mashariki na magharibi, ambako jua la chini hupenya hadi ukuta wa mbali. Siku moja isiyo na mawingu, weka alama za penseli mahali jua linapogusa ukuta saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kumbuka kwamba alama hizo husogea: mnamo Juni jua liko kaskazini mwetu, Desemba liko kusini. Ukuta ulio kwenye upande uleule wa dirisha, usiopigwa kamwe, ndio bora. Taa ziwe za LED. Zina urujuanimno kidogo sana.

Unyevu unapimwa kwa njia rahisi. Bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, ufunge kingo zote kwa selotepu, uiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukutani, ukuta unatoa maji. Nyumba mpya za mawe zilizopigwa plasta juzi, na kuta za nje ambazo mvua huzipiga, hufanya hivyo. Subiri zikauke, au tumia ukuta wa ndani. Hata ukuta mkavu, bandika vipande vya mpira vya milimita 5 au zaidi kwenye pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Bafuni na jikoni, weka posta.

Ofisini, usitundike juu ya mashine ya fotokopi: nyingi hutoa ozoni, na ozoni huipauza rangi, hasa ile iliyoyeyuka. Usitundike pia mkabala na tundu la kiyoyozi.

Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya sofa, acha sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongo wa sofa, na upana wa fremu, au wa kundi zima la fremu, uwe kama theluthi mbili za sofa. Sofa ya sentimita 210 inabeba takriban 140. Ukuta wa mawe hauchukui msumari vizuri: plasta hupasuka na msumari hulegea. Toboa kwa drili ya milimita 6, weka plagi na skrubu, mbili kwa kila fremu nzito, kisha hakikisha kwa pima maji.

Wanaofagia na kupangusa ofisi waambiwe jambo moja: dawa ya kioo inyunyizwe kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo, kwa sababu tone linaloteremka hadi ukingo wa chini huingia ndani na kupanda kwenye maunti. Akriliki haitaki dawa yenye amonia. Maji kidogo na kitambaa laini vinatosha. Mara moja kwa mwaka, masika ikiisha, shusha kila fremu na utazame mgongo wake: vumbi la unga wa mbao lina maana kwamba wadudu wameingia kwenye fremu, na vijitundu kwenye karatasi ya kaki vina maana kwamba wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula wanga wamefuata gundi. Vyote viwili vikionwa mapema, fundi hubadilisha fremu na mgongo, na printi yenyewe haijaguswa.